Mfuko Umetoka Maabara: Umeingia kwa Nani?

Kilwa ya pwani ya Lindi kila msomaji anaijua. Kilwa ya mjadala huu iko Ziwa Mweru. Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, na mji wenye jina hilohilo uko ukingoni upande wa Kongo, jimbo la Katanga ya Juu. Anayevuka ziwa kutoka mji huo kuelekea mashariki anafika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi kuliko zote nchini Zambia. Kiswahili kimezoeleka huku kwa biashara ya samaki. Kimeongezeka tangu Agosti 2017, mapigano ya upande wa Pweto, Kongo, yalipowasukuma watu kuvuka mpaka, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani humo kuwapokea.

Malaria kali huharibu chembe nyekundu za damu, na wanaoumia zaidi ni watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini hadi asilimia 54 ya damu inayoongezwa huenda kwa walio chini ya miaka 5. Plazma, yaani yale maji ya manjano yanayobaki chembe zikitengwa, hutolewa mara chache zaidi: kwa mzazi anayevuja damu isiyoganda, kwa mgonjwa ambaye ini lake limeshindwa kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Swali ni hili: je, kila plazma anayopewa mgonjwa iandikwe kivyake, kwa aina, nambari ya mfuko, kiasi na saa, au neno "damu" linatosha?

Nimezikalisha sauti nne mezani. Si watu wa hospitali fulani, wala hakuna faili la mtu lililofunguliwa. Ni sauti za kazi, na aliyewahi kukesha kwenye wodi ya watoto atazitambua. Sista ni wa wodi upande wa Nchelenge. Fundi ni wa maabara, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kijana ni wa takwimu. Mama anaishi Mantapala.

SISTA: Ngoja nianze mimi, maana kila daftari jipya mnalobuni linaishia mkononi mwangu. Msimu wa mvua, usiku, watoto wawili kitanda kimoja. Huyu himoglobini ni 3, yule ni 4. Natafuta mshipa kwenye mguu wa mtoto ambaye mishipa yote imelala, mama yake analia, na dripu ya kitanda cha pili imekwisha. Mfuko ukifika nasoma jina, nasoma kundi, namwita mwenzangu naye asome, ndipo naufungulia. Halafu naandika "ameongezewa damu, saa 8 usiku". Mnataka niongeze nini? Na hiyo plazma yenu, mwezi mzima unaweza kupita nisiione.

FUNDI: Ndiyo maana iandikwe, Mama Sista. Unachokishika kila siku mkono umekizoea. Kinachokuja mara moja moja ndicho tunachokikosea. Chukua makundi tu. Kwa chembe nyekundu, mtu wa O huwapa wote. Kwa plazma mambo yamegeuka: wa AB ndiye anayewapa wote, na plazma ya O apewe wa O peke yake, kwa sababu ina kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B. Sasa faili linasema: "mtoto kundi A, kapewa damu kundi O". Atakayelisoma kesho atapita tu, atasema O huwafaa watu wote. Kama kilichotundikwa kilikuwa plazma, haikufaa hata kidogo, na hiyo karatasi haitamwambia.

SISTA: Hilo ni kosa la maabara kabla halijawa langu.

FUNDI: Ni langu, sikatai. Nitajuaje kama nimelifanya, ikiwa faili halisemi nilikupa nini?

KIJANA: Na mimi ndiye ninayeulizwa mwisho wa mwezi, Papa. Naletewa madaftari matatu. La maabara linahesabu mifuko iliyotoka. La wodi linahesabu watu walioongezewa. Faili la kuruhusiwa linahesabu kulazwa: mzazi aliyepewa mifuko minne ya plazma kwa siku mbili hutokea humo mara moja, kwenye kisanduku cha "ndiyo". Mganga mkuu akiuliza tulitumia plazma kiasi gani, nina majibu matatu, na hakuna aliyedanganya.

FUNDI: La kwangu ndilo lenye hila kuliko yote. Plazma iliyogandishwa hukaa kwenye friza, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Ikiwa imeganda hivyo mfuko ni wa kuvunjika. Ukikudondoka unapata ufa usiouona mpaka barafu iyeyuke. Daktari akiagiza, naufunga ndani ya nailoni, nautia kwenye maji ya nyuzi 37, nasubiri karibu nusu saa. Ukishayeyuka haurudi kwenye barafu. Unakaa kwenye jokofu na saa zake zinahesabika. Sasa katika ile nusu saa mama ameacha kuvuja, au amepelekwa hospitali ya Mansa, au amefariki. Mfuko unarudi, au haurudi, unasahauliwa kwenye meza ya wodi. Daftari langu limeshaandika "umetoka". Anayejumlisha daftari hilo anasema mama yule alipewa plazma. Hakupewa tone.

KIJANA: Na kwa watoto ni kinyume chake. Mfuko mmoja unagawanywa mifuko midogo, watoto watatu, nambari moja.

(Hapa niingie kidogo. Watu wa takwimu hupenda kusema tatizo ni kutokujaza fomu. Sidhani. Fomu hizi zinajazwa, tena kwa uaminifu. Kila moja inajibu swali lake, na msomaji wa mbali anadhani zote zimejibu swali moja: ni nini kiliingia kwenye mshipa wa nani.)

SISTA: Tuseme nimewaelewa. Basi chukueni daftari la maabara, mlinganishe na faili, kazi imekwisha. Mimi niacheni na wagonjwa.

KIJANA: Saa, Sista. Maabara haijui saa uliyoufungulia. Na saa inaweza kugeuza jibu lote. Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha hesabu za majeruhi 246 waliohitaji damu nyingi kwenye hospitali yao ya Baghdad. Waliopewa plazma nyingi ikilinganishwa na chembe nyekundu walikufa asilimia 19. Waliopewa kidogo walikufa asilimia 65. Nani asingeshawishika? Kisha 2009 watafiti wa Alabama wakawapanga majeruhi wao wakiangalia saa ambayo kila mfuko ulitundikwa. Plazma huchelewa kwa sababu lazima iyeyushwe. Aliyekufa katika saa ya kwanza hakuwahi kuifikia, kwa hiyo alihesabiwa miongoni mwa waliopewa kidogo. Baadhi ya watu walipata plazma kwa sababu waliishi; hawakuishi kwa sababu ya plazma. Saa ilipoingizwa kwenye hesabu, faida ile haikuonekana tena.

SISTA: Kwa hiyo plazma haisaidii?

KIJANA: Sijasema hivyo. Ilibidi majaribio yafanywe vizuri zaidi baadaye, wagonjwa wakigawanywa kwa kura. Ninachosema ni kwamba hao wa Alabama waliweza kuuliza swali lao kwa sababu muuguzi mmoja, usiku kama usiku wako, aliandika dakika.

FUNDI: Sisi tunao mfano wa nyumbani, mwanangu, hatuna haja ya Baghdad. Kikwit, 1995, Ebola. Madaktari Wakongo waliamua kuwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, wakiamini kingamwili zilizomo zitawasaidia. Walipona 7. Ebola ile iliua karibu 8 katika kila 10! Nilikuwa kijana, habari hiyo tuliipokea kwa shangwe. Ila angalia kilichotundikwa: damu nzima. Wakishukuru kingamwili, zimo kwenye plazma. Wakishukuru chembe nyekundu, zilikuwemo pia. Wakishukuru uangalizi wa karibu waliopata hao 8 kuliko wenzao, nao ulikuwepo. Na wengine walikuwa wameshavuka siku mbaya kabla ya mfuko kufika. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Miaka 20 baadaye, Guinea, walijaribu plazma yenyewe kwa wagonjwa 84, kila mfuko na nambari yake, na vifo havikupungua kwa kiwango cha kutegemewa.

MAMA: Samahani, Papa. Mimi hayo ya Guinea siyajui. Mwanangu aliongezewa kitu ng'ambo kabla hatujavuka. Walinipa karatasi, ya Kifaransa, ikalowa mtumbwini. Huku wakaniuliza: mtoto alishatiwa damu? Nikasema ndiyo. Kiasi gani? Nikawaonyesha kwa mikono, mfuko ulikuwa hivi. Ilikuwa nyekundu au ya manjano? Ilikuwa usiku, wameifunika kwa kitambaa. Nilikuwa namtazama mtoto, sikuutazama mfuko.

SISTA: Mama, hukukosea kitu.

MAMA: Najua sikukosea. Nauliza tu, ninyi mliandika nini?

(Sista hakujibu upesi, nami sitamjibia. Maelezo ya aina hii yakifika kwenye faili hugeuka kuwa neno moja, "alishaongezewa", na hapo mikono ya mama, ukubwa wa mfuko na kile kitambaa vimekwisha.)

KIJANA: Na huenda hata tusimpate huyo mtoto kwenye mfumo. Kongo mtu ana jina lake, jina la pili na jina la ubatizo, na kwenye karatasi jina la ubatizo hukaa mwisho. Fomu za Zambia zina nafasi ya jina la kwanza na la ukoo. Mlangoni anaandikwa kwa mpangilio mmoja, maabara kwa mwingine. Plazma inakwenda kwa mtoto mmoja kwenye kompyuta, homa inakwenda kwa mwingine. Wote wawili ni yeye.

FUNDI: Hapo ndipo nambari ya mfuko inapookoa. Mifuko inayofuata mpango wa kimataifa ina nambari ya uchangiaji yenye herufi na tarakimu 13, halafu alama ya aina: hii ni chembe, hii ni plazma. Mchangiaji mmoja akitoa damu mara moja, chembe zake zinaweza kwenda kwa mtoto wa Nchelenge na plazma yake kwa mzazi wa Mansa. Wakigundua baadaye kwamba mchangiaji ana virusi, wanaifuata nambari hiyo mpaka kwa wote wawili. Isipokuwepo kwenye faili, njia inaishia kwenye friza langu.

Uingereza ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Brian Langstaff ilitoa ripoti yake Mei 2024: zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa virusi vya Ukimwi au homa ya ini kutokana na damu na dawa zilizotengenezwa kwa plazma, kati ya miaka ya 1970 na 1991, na karibu 3,000 walikufa. Sehemu yake iliyonigusa kuliko zote ni ile ya wagonjwa waliokwenda kudai haki wakaulizwa ushahidi kwamba waliwahi kuongezewa damu, na faili halipo. Sheria ya Ulaya siku hizi inataka kumbukumbu za njia ya kila mfuko zitunzwe miaka 30.

SISTA: Miaka 30! Sisi hapa mchwa hawatupi hata mitano. Lakini semeni jambo la wodini leo, si la mahakama ya Uingereza. Nina mtoto, mfuko umekwisha, anaanza kuhema. Mbavu zinaingia ndani. Ni malaria? Ni nimonia? Ni moyo umezidiwa na maji?

FUNDI: Au ni plazma. Ipo hali ambapo kingamwili za mchangiaji zinashambulia mapafu ya mgonjwa, na huanza ndani ya saa 6 baada ya kuongezewa. Saa 6 kuanzia lini, ikiwa faili halina saa? Na kingamwili hizo hupatikana zaidi kwa wanawake waliowahi kushika mimba. Waingereza walianza kupendelea plazma ya wanaume tangu 2003, baada ya ripoti za matukio kurundikwa pamoja zikaonyesha jambo ambalo hakuna wodi moja ingeliona peke yake. Hapa mtoto akihema usiku tunaandika malaria kali. Huenda ni kweli. Lakini kama kesho mfuko mwingine wa mchangiaji yuleyule unamngoja mtoto wa pili, nani atauzuia?

SISTA: Hapo umenikamata, Papa. Hilo la kuhema nimeliona, sikujua niliandikie wapi. Na msidhani sisi wa wodi hatusomi. Ule utafiti wa watoto wa Uganda na Malawi uliotoka 2019, watoto 3,196, tuliusikia. Walilinganisha mililita 20 kwa kila kilo na mililita 30. Kwa ujumla vifo havikutofautiana. Walipowatenga wenye homa na wasio na homa ndipo picha ikatokea: wasio na homa walifaidika na 30, wenye homa ilikuwa afadhali 20. Tangu hapo napima joto kabla ya kufungulia, nalo naliandika. Kwa hiyo siyo kwamba nachukia kuandika. Nachukia kuandika kisichosomwa na mtu.

KIJANA: Basi mimi nina njia ya kukupunguzia, Sista. Damu nyingi huku ni damu nzima, mililita 450 na dawa ya kuzuia kuganda. Karibu nusu yake ni plazma. Kompyuta inaweza kukokotoa: kila mfuko wa damu nzima, hesabu plazma moja. Mapengo yanajazwa yenyewe.

FUNDI: Hapana. Hapana kabisa! Plazma iliyogandishwa upesi ina vigandishi vyote. Ile iliyomo kwenye mfuko wa damu nzima inakaa jokofuni pamoja na chembe hadi siku 35, na kuna vigandishi vinavyoanza kupungua siku za mwanzo tu. Mfuko wa jana na mfuko wa wiki ya nne siyo kitu kimoja kwa mzazi anayevuja. Ukiviita vyote "plazma moja", umeandika dawa ambayo mgonjwa hakuipata.

KIJANA: Lakini Papa, wizara inataka tarakimu.

FUNDI: Ipe tarakimu ya damu nzima, na tarehe iliyochangwa. Hiyo unayo.

Katika hili namuunga mkono Fundi bila kusitasita, ingawa Kijana ana nia njema na ndiye anayegombezwa kwa visanduku vitupu. Pengo kwenye rekodi linaonekana, na atakayefuata atajua pa kuuliza. Tarakimu iliyokokotolewa haina alama usoni. Ikishaingia kwenye ripoti ya mkoa inafanana na ile iliyoandikwa kitandani, na mtu wa Lusaka au wa Lubumbashi ataipanga bajeti ya friza juu yake. Nitakuwa mkali zaidi: mfumo unaokataa kuhifadhi ukurasa mpaka kila kisanduku kijae unamfundisha muuguzi kubuni. Kuwe na kisanduku cha "haikujulikana", na asiadhibiwe anayekitumia.

Sista naye ana haki kuhusu mzigo. Kinachotakiwa kitandani si ukurasa mzima. Ni aina ya kilichotundikwa, nambari ya mfuko, saa ya kuanza, saa ya kuisha, na kiasi kilichobaki. Sababu ya kuagiza ni ya daktari. Aiandike aliyeagiza, tena kabla maabara haijawasha maji moto.

SISTA: Na nambari ya herufi na tarakimu 13 ninakili kwa mkono saa 9 usiku? Nitakosea moja, na moja ikikosewa ni mfuko wa mtu mwingine.

FUNDI: Mifuko mingine ina stika za ziada, unabandua unabandika kwenye faili. Isiyo nazo nitakuandikia vibandiko maabara, viwili: kimoja faili, kimoja daftari.

MAMA: Na kimoja mtoto.

FUNDI: Wapi, Mama?

MAMA: Kwenye kadi yake ya kliniki. Ile ya chanjo. Hiyo naitunza kwenye nailoni, haijawahi kulowa. Tukihama, inahama nasi.

KIJANA: Ile kadi haina nafasi ya damu.

SISTA: Ina mgongo. Bandika mgongoni. Sasa niambieni, nimeacha kuandika saa, kumekucha, sikumbuki kama ilikuwa saa 8 au saa 9. Nifanye nini?

KIJANA: Andika hujui. Nitakutengenezea hicho kisanduku, hata kama itabidi kwa wino kwanza.

FUNDI: Na mifuko mitupu msiitupe. Weka kwenye ndoo yenye kifuniko, nitakuja kila asubuhi niilinganishe na daftari langu. Mfuko niliotoa ambao haumo kwenye ndoo wala haukurudi, nitakuuliza siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado kitandani. Nitafika saa moja kamili.

SISTA: Saa kumi na mbili na nusu, Papa. Saa moja nimeshakabidhi zamu, na utakayemkuta hapo hajui lolote la usiku.